Kondoo wa Sauli wanalia ndani ya magunia yetu ya korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na msimu wa korosho ndo huo unakuja. Mimi ni mkulima huku wilaya ya Masasi, ni Mkristo, nimebatizwa mtoto na nimeimba kwaya mpaka nimeoa.

Huku kwetu siku hizi ukisikia mahubiri ya utii ujue kuna mtu kauliza kitu. Kijana akiuliza hesabu za sadaka ni muasi, binti akisema hataki kuolewa na huyo mliyemchagulia ni muasi, mama akikataa kuchangia jengo kwa sababu hana hela ya daftari za mtoto naye muasi. Na andiko linalosomwa ni lilelile, 1 Samweli 15, kutii ni bora kuliko dhabihu na kuasi ni kama dhambi ya uchawi. Ukishaambiwa uchawi huku kusini si unakaa chini tu, nani anataka kutajwa na uchawi mbele ya watu?

Sasa jamani tuisome sura yote. Yule anayeambiwa kaasi pale sio kijana wala sio mwanamke wa nyuma kanisani, ni Sauli, mfalme mwenyewe, mpakwa mafuta! Katumwa awapige Waamaleki asibakize kitu, yeye kamwacha hai mfalme Agagi, akabakiza na kondoo na ng'ombe walionona. Samweli anafika, Sauli ndo anawahi kusema nimeitimiza amri ya Bwana, Samweli anamuuliza sasa huku kulia kwa kondoo ninakokusikia ni kwa nini? Ndo Sauli anaanza, oh ni watu walibakiza, oh tumewaleta tumchinjie Bwana huko Gilgali. Yaani uasi wake kaufanya sadaka na lawama kawatupia watu wa chini. Hiyo sura inamhusu mtoa sadaka.

Naisema hivi kwa sababu mtoa sadaka huyo nilikuwa mimi.

Februari 2018, mvua zinanyesha, ghalani hakuna kitu, si mnajua kipindi kile kwetu kilivyo, mama mmoja mjane alikuja kwangu kuomba 60,000 ya unga na sare ya mjukuu. Nikampa, ila nikamwambia korosho zikianguka atanipa gunia. Kangomba yenyewe, yaani kununua korosho ya mtu kwa bei ya chini kabla hajavuna, ndo hiyo, Mhariri, wala haina ufundi, unamvizia mtu siku ana njaa. Sheria inakataza na mimi nilijua inakataza, stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, imeanza huku tangu msimu wa 2007/08 sio kitu kigeni kwamba nitasema sikujua. Sio yeye peke yake, nilikuwa na magunia 6 ya watu watano. Mwaka ule wanunuzi wakagoma kwenye minada, serikali ikaingia kununua yenyewe kwa 3,300 kilo, kukawa na uhakiki kwamba mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba lake. Mimi shamba ninalo, nikapita, nikauza AMCOS, chama chetu cha ushirika, kwa jina langu. Gunia la yule mama lilikuwa kilo 80. Piga hesabu, ni 264,000, na mimi nilimpa 60,000.

Basi ikaja Jumapili ya mavuno. Nikatoa 100,000 taslimu na gunia moja juu, nikapigiwa vigelegele, jina langu likasomwa, na yule mama alikuwa benchi la tatu na khanga yake anapiga makofi na wenzie. Ndugu Mhariri mimi mpaka leo nayasikia yale makofi.

Mdogo wangu ndo alisimama kwenye kikao baada ya ibada akauliza, hizi korosho zinazoletwa hapa madhabahuni zimetoka mashamba ya nani? Hakutaja mtu. Mzee mmoja akamkata, kaa chini, acha roho ya uasi, akamsomea hilohilo andiko la uchawi. Na mimi kaka yake wa tumbo moja nikanyamaza, tena nilitikisa kichwa kukubaliana na mzee. Mdogo wangu akaacha kusali pale. Watu wanasema kakengeuka, kaingia kwenye uraka, pombe ya mabibo, ila mwaka uliofuata yeye ndo alimpulizia yule mama salfa, dawa ya ugonjwa wa mikorosho, kwenye mikorosho yake bila kudai hata mia. Nikikumbuka ule mfano wa Bwana wa watoto wawili na shamba la mizabibu, mmoja kasema sitaki halafu akaenda, mwingine kasema naenda baba na hakwenda, mimi sihitaji mtu wa kunifafanulia.

Kwetu mtoto mtukutu hatusemi anaasi wala hatusemi hatii, tunasema hasikii. Biblia nayo inasema kusikia ni bora kuliko mafuta ya beberu. Hata wale watawa wa Ndanda, walioko pale tangu 1906, kanuni yao ya Mtakatifu Benedikto inaanza na neno sikiliza, halijaanza na nyamaza. Nasikitika sana sisi tumefanya utii uwe kunyamaza. Na Masasi hii sio mahali pa kufundisha hivyo, maana Wakristo wa kwanza hapa ni watumwa waliokombolewa, Askofu Steere wa Anglikana aliwaleta kutoka Zanzibar mwaka 1876, watu waliojua kabisa utii wa kupigwa na mnyororo ukoje. Mitume nao waliambiwa na wakubwa wa dini nyamazeni, wakajibu imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, Matendo 5:29, hilo mbona halisomwi siku ya kikao?

Sisemi kijana asimheshimu padri wake. Kuna uasi wa kweli na mimi nimeuishi, nilikuwa nafika kanisani mapema kuliko wote, fungu la kumi natoa, amri moja ya usiibe naipita pembeni kila Februari. Hakuna aliyeniita muasi hata siku moja.

Ninachoomba kwa mapadri, wachungaji na makatekista wa Mtwara na Lindi ni kitu kidogo tu, mwaka huu siku ya mavuno kabla gunia halijapanda mzani muulizeni mletaji shamba liko wapi na nani kaokota. Aliyeokota mwenyewe hatakasirika. Na mkisikia mtu kauliza kabla yenu msimtoe nje.

Yule mama sasa hivi anakaa kwa binti yake Nachingwea. Nimemfuata mara mbili, nimemrudishia 150,000, kapokea na kulia na mimi nimelia. Zakayo wa kwenye Injili alisema atarudisha mara nne, mimi bado hata ile haki yake ya 204,000 sijaimaliza. Iliyobaki nampelekea hela ya mnada wa kwanza ikiingia, na safari hii nimemuomba mdogo wangu twende wote. Hajanijibu bado.

Mkulima,
Masasi, Mtwara