Jua na volkano vinasingiziwa

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu chanzo cha ongezeko la joto duniani. Wapo wanaosema ni jua na volkano tu, kwa kuwa hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu kale. Kubadilika ni kweli. Lakini satelaiti zinapima nguvu ya jua tangu 1978, na haijaongezeka kiasi cha kuleta joto hili. Tena, lingekuwa jua, tabaka la juu la angahewa nalo lingepata joto. Badala yake linapoa huku la chini likipashwa. Volkano nayo? Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka 1991, iliipoza dunia kwa karibu nusu digrii. Kilichopanda bila kusita ni hewa ukaa, gesi inayonasa joto la dunia: kutoka sehemu 280 katika milioni kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa, na chanzo kikuu ni makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma.

Nayasihi magazeti yetu yawaalike wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa waeleze vipimo hivi kwa Kiswahili chepesi, kila makala ya mjadala huu inapochapishwa.

Msomaji,
Morogoro