Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakulima wa Maembe, Malindi

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Nawasalimu wajumbe wa kamati, wazee wetu, kina mama, na vijana wachache ninaowaona kule nyuma chini ya mkanju.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mafunzo ya kupogoa yalifanyika Ganda na Kakuyuni. Miche ya maembe aina ya Apple na Ngowe iligawiwa; iliyobaki iko kitaluni na inataka maji. Maonyesho ya kilimo Mombasa tulihudhuria. Rambirambi zilitolewa kwa familia zilizofiwa, kama desturi yetu. Kuhusu fedha: tulianza mwaka na akiba ya shilingi 486,000, ada zilizoingia ni 71,400, mitego na chambo vilichukua 312,000, rambirambi, nauli, miche na mengineyo 58,300, na benki sasa kuna 187,100. Mweka hazina ana risiti zote. Mwenye swali amwone yeye kwanza, ndipo aende WhatsApp.

Sasa niingie kwenye mitego ya nzi wa matunda, maana najua ndiyo iliyowatoa wengi nyumbani leo.

Imesemwa, na iliyosemwa nimeisikia yote, kwamba mwenyekiti alichukua fedha za gari akanunua mikebe ya plastiki ya kutegea nzi. Kwanza, fedha za gari hazikuwapo. Palikuwa na akiba, na palikuwa na wanachama waliotamani pikapu. Pili, kamati iliitisha mkutano mkuu mwezi wa saba tuamue pamoja. Katiba yetu inataka theluthi moja ya wanachama, yaani watu 48 kati ya 143. Walikuja 22. Tukaahirisha, tukatuma ujumbe, tukapiga simu, hata msikitini na kanisani likatangazwa. Mara ya pili wakaja 31, na kati yao kuna walioondoka baada ya chai. Miembe wakati huo ilikuwa imeshachanua. Embe likishafika ukubwa wa ndimu bila mtego kuwapo shambani, umeshachelewa, kwa sababu nzi huyu hasubiri akidi. Kamati ikatumia kifungu cha dharura, na wajumbe saba kati ya tisa wakatia sahihi. Kumbukumbu ipo kwa katibu. Wengi wanaolalamika leo kwamba hawakuulizwa ni wale ambao viti vyao tuliviangalia vikiwa vitupu mara mbili.

Nawakumbusha tulikotoka. Nzi huyu wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, hapa hapa pwani. Mwaka 2014 nchi yetu yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika soko la Ulaya kwa sababu yake. Sisi tunaouza kwa mabroka hatukuhisi katazo lile moja kwa moja, lakini bei tunaihisi kila msimu broka anapopasua embe moja mbele yako, akakuonyesha funza, kisha akapunguza bei ya lori zima.

Kikao kile cha watu 31 nilitoa mfano wa wakulima wa zabibu wa Napa, kule California, na ndipo maneno yalipozidi. Nikaambiwa nauleta mvinyo mbele ya wazee. Ndugu zangu, zabibu ni tunda, na kinachofanywa nalo baada ya kuvunwa ni shauri la wenyewe. Mimi nilichotaka mkione ni jinsi walivyofanya kazi. Mwaka 2009 waligundua nondo kutoka Ulaya ambaye viwavi wake hutoboa zabibu, na tundu lile likaleta uozo. Hawakungoja kila mtu aamue kwa wakati wake. Walitega mitego ya kuhesabu, wakapulizia dawa inapobidi, na wakatundika mashambani vijiti vyenye harufu ya nondo jike ili dume azunguke hewani asijue mwenzake yuko wapi. Harufu ile haifai kitu ikiwekwa kwenye shamba moja peke yake, kwa sababu jike aliyepandishwa kwa jirani ataruka aje atage kwako. Kwa hiyo wakajiunga, mkubwa na mdogo, na hata mizabibu ya uani mwa nyumba za watu mjini ikashughulikiwa. Mwaka 2016 nondo yule akatangazwa kuwa ametokomezwa.

Wala msidhani wenzetu wa zabibu hupokea kila kipya kwa vigelegele. Ufaransa, karne ya kumi na tisa, kijidudu cha mizizi kilipoangamiza mizabibu, waligombana miaka mingi: wengine wakisema itiwe dawa ardhini, wengine wakisema ipandikizwe juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani. Walioshinda ni wa kupandikiza. Kwa hiyo kubishana si aibu, mradi tubishane ndani ya mkutano.

Tulinunua mitego 600 pamoja na chambo cha methili yujenoli, yaani harufu ya kuvuta nzi dume, na chambo cha protini. Ilipokelewa na mashamba 84. Yaliyotega kwa wakati na kubadilisha chambo, kwa hesabu ya katibu, ni 38. Upande wa Kakuyuni, ambako majirani walitega wakifuatana shamba kwa shamba, mabroka walinunua bila kupasua embe hata moja, na jambo hilo sijaliona miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki. Kwingine, penye mtegaji mmoja katikati ya wasiotega, mabadiliko yalikuwa madogo, na hilo nililisema mapema.

Kuna hoja kwamba mitego imewaita nzi wa kijiji kizima. Mtu anafungua mkebe, anaukuta umejaa, anashtuka. Chambo kile cha mkebeni huvuta madume peke yake, na dume hatagi. Jike anatafuta chakula cha protini, ndiyo maana mlipewa kile chambo cha pili mkipulizie kidogo kidogo kwenye majani. Wengi wametundika cha kwanza, cha pili wamekiacha stoo, kisha wanasema teknolojia ya mwenyekiti imeshindwa. Tena maembe yaliyoanguka bado yamelala chini ya miti mpaka yanatoa funza, ilhali bwana shamba alisema yafukiwe futi mbili. Kazi hiyo haihitaji shilingi ya chama, jembe tu. Na nitaje, bila kumtaja mtu, kwamba mikebe fulani imeonekana jikoni imetiwa pilipili ya kusaga. Humo mlikuwa na dawa, jamani.

Alikuja pia kijana na ndege isiyo na rubani akitaka chama kimlipe apige picha za mashamba. Nilimkatalia, na wapo walionicheka kwamba kumbe nami naogopa kipya. Kwenye mizabibu picha ile ina maana: mistari imenyooka, aina ni moja, umri ni mmoja, kwa hiyo penye mimea dhaifu panaonekana mara moja. Miembe yetu imepandwa na babu zetu, Dodo hapa, Boribo pale, mnazi katikati. Picha ingetuambia nini ambacho hatukioni tukitembea kwa miguu? Kipimo cha unyevu wa udongo nacho kinamfaa mwenye bomba la kufungua na kufunga, na wengi wetu tunategemea mvua. Tutayafikia tukijaaliwa, kila kitu kwa wakati wake.

Ada. Ni shilingi 1,200 kwa mwaka, mia moja kwa mwezi. Wamelipa kikamilifu 51, wamelipa nusu 17, hawajatoa chochote 75. Tunadai 100,200. Miongoni mwa hao 75 wamo waliopokea mitego minane au zaidi, na wamo wanaodai pikapu. Sitasoma majina leo kwa heshima ya wake na waume zao waliopo hapa, ila orodha imebandikwa mlangoni pa ofisi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini kubadilisha vichwa vya miembe mikuukuu kwa vikonyo, yaani vijiti vya kupandikizia, vya Apple. Tunatumaini pia kuwafuata wataalamu wa KALRO Mtwapa, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kuhusu nyigu wadogo wanaoshambulia mayai na funza wa nzi huyu. Na suala la gari litaangaliwa hali ya fedha itakaporuhusu.

Mikebe isiyotumika irudishwe kwa wajumbe wa kata kabla ya miti kuchanua, ikiwa imeoshwa. Uchaguzi wa kamati unafuata sasa hivi. Kwa mujibu wa katiba, mwenye deni la ada hapigi kura, na mweka hazina amekaa pale mezani na simu yake ya M-Pesa iko wazi.

Mwenyekiti