Ombi la mama ni siasa, hotuba ya mheshimiwa ni ibada?

Mhariri,

Mimi ndio husoma matangazo kanisani kwetu huku Nakuru, na Jumapili moja mwezi uliopita mama mmoja alinipa karatasi ameikunja mara nne, imeandikwa kwa penseli, anaomba tu tumuombee kijana wake aliyeshikwa kwa sababu ya maandamano na bado yuko ndani. Nikaiweka pamoja na tangazo la harusi na la chama cha akina mama. Kabla sijasimama mzee mmoja wa kanisa akanivuta shati, akapitia zile karatasi moja moja, hiyo akaitoa akanirudishia pembeni, "Hii wacha, leo tuko na wageni, tusilete siasa kanisani."

Sawa. Nikasoma ya harusi nikakaa.

Sasa wageni wakaingia, ibada ilikuwa ianze saa nne na hiyo ni saa tano na nusu, kwaya imeimba mpaka inarudia nyimbo. Mheshimiwa akapewa maiki, akasema Bwana asifiwe mara tatu, akasoma Warumi 13 pale pa kutii mamlaka (hawa watu ni kama Biblia yao haina ukurasa mwingine) na kutoka hapo ni lami, stima, nani atakuwa nani 2027, eti anayepinga serikali haipendi Kenya na anapigana na Mungu aliyeiweka. Dakika arobaini, niliangalia saa. Mahubiri yalipata kumi. Mwisho ikatolewa bahasha ya mabati tukapiga makofi, na mimi nilipiga, siwezi kudanganya. Yule mama alikuwa safu ya nne upande wa dirisha, mikono ameiweka kwa kibeti.

Sisemi imani isiguse mambo ya nchi jamani. Wimbo wetu wa taifa ni sala, tumeuimba tangu 1963 kwa sauti ya bembelezo la Wapokomo, na ukiusikiliza vizuri haki inaombwa kabla ya ustawi. Katiba ya 2010 inaanza kwa kumtambua Mwenyezi Mungu, halafu kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na sioni vikigongana. Kinachoniuma ni vile kumuombea kijana aliye seli kumegeuka siasa lakini kutafuta kura madhabahuni ni uzalendo. Na si makanisa tu, futari za Ramadhani nazo zinajua hizo bahasha.

Najua kuna mtu atasema mabati tulihitaji. Tulihitaji kweli, mvua ikinyesha tunahamisha kinanda na spika tunazifunika na turubai. Lakini Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana alikataza wanasiasa kuongea ibadani 2021, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Katoliki Nairobi akasema pesa alizotoa Rais kule kanisa la Soweto, hukohuko Nairobi, za kwaya na nyumba ya padri zirudishwe, na sijasikia kwaya ya Soweto imenyamaza kwa sababu hiyo. Sisi hatujawahi hata kujaribu kuchanga wenyewe, kila mwaka tunangoja mtu wa gari kubwa.

Nilimuuliza pasta wetu baadaye, pole pole, kama mdogo wake, akacheka akasema siku hizi huwezi kumkasirisha mtu mkubwa, ukimnyima maiki hapa ataenda kwa jirani na mabati yake. Angalau alisema ukweli.

Karatasi bado iko ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Jumapili ijayo ni zamu yangu tena, nimesikia kuna wageni wengine kutoka kaunti, na nimeamua nitaanza na hiyo kabla ya ya harusi, mzee akitaka kunivuta shati anivute mbele ya watu.

Msoma matangazo,
Nakuru