Baba, sasa nimejua kwa nini ulilowesha kitambaa cha meza

Southampton, Uingereza
29 Juni 2025

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na Mama na wote walio hapo nyumbani. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na miguu imeacha kuvimba tangu nilipopumzika.

Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu Jumapili iliyopita sauti yako ilikuwa ikikatikakatika kwenye simu, na kila nilipoanza habari za meli ulisema, "Niandikie, nisomewe polepole." Basi mjukuu wako anayekusomea asiruke hata neno. Akikuta jina gumu la Kizungu, alitamke anavyoweza kisha aendelee.

Safari yenyewe tuliipanga na mwenzangu wa wodini, yule dada Mfilipino niliyekuambia kwamba tumelala macho pamoja zamu za usiku kwa miaka minne. Tulilipa kidogokidogo kila mwezi, tangu mwaka jana, mpaka ikatimia. Siku saba, kutoka hapa Southampton hadi Norway na kurudi. Bandari ni hii hii ilikotoka Titanic mwaka 1912. Nilipofika gatini na kuinua macho nilihesabu madirisha mpaka nikaacha. Abiria peke yao tulikuwa zaidi ya elfu mbili.

Kabla meli haijang'oa nanga, kila abiria lazima aende kwenye kituo chake cha dharura. King'ora hulia mara saba kwa kifupi, kisha mara moja kwa kirefu, na unaonyeshwa namna ya kufunga jaketi la kuokoa maisha. Kuna waliokuwa wakinung'unika kwamba wanacheleweshwa kwenda kula. Mimi nilisikiliza kila neno, Baba. Nilikuwa mtoto mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, lakini nakumbuka ulivyokaa kando ya redio siku mbili, chai ikipoa mbele yako, ukitaja mmoja mmoja majina ya watu uliowahi kufanya nao kazi kwenye meli za Ziwa Victoria. Nilipomaliza zoezi nilimshukuru yule binti aliyetuonyesha, nikamwomba anionyeshe tena kamba za jaketi zinavyofungwa.

Sasa nikueleze habari za mezani, maana najua hizo ndizo unazozingojea.

Ukumbi wa chakula cha jioni una ghorofa mbili, na katikati kuna ngazi pana. Watu hula kwa awamu mbili, ya kwanza saa kumi na mbili unusu, ya pili saa mbili unusu. Sisi tulikuwa awamu ya pili, meza ya watu sita, na meza ni hiyo hiyo kila usiku, wahudumu ni hao hao wawili. Mmoja huchukua maagizo na kuleta sahani, mwingine ni wa maji, mkate na kuondoa vyombo. Kitambaa cheupe kimepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Uma tatu kushoto, visu na kijiko kulia, kijiko cha kitindamlo kimelazwa juu ya sahani, glasi zimesimama juu ya ncha ya kisu.

Mwenzangu alinitazama kwa hofu, akaninong'oneza tuanzie wapi. Nikamwambia anza na uma wa nje, kila chakula kikija songa ndani. Akashangaa nimejulia wapi. Nimejulia landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Kisumu! Jumapili baada ya kanisa, watoto sita na uma tatu, na wewe umesimama nyuma yetu umeshika kitambaa mkononi: "Uma kushoto. Kisu kulia, makali yaangalie sahani." Majirani walikuwa wakipita dirishani wakicheka kwamba ugali unaandaliwa kama wa gavana. Mimi niliona aibu siku zile, leo nakiri. Pale melini sikuwa na aibu yoyote. Nilikaa kwenye kile kiti kama mtu aliyeketi kwao.

Mhudumu alipokuja nikaona beji yake. Wote huandikwa jina na nchi wanayotoka. Wengi ni wa Ufilipino, India na Indonesia, lakini yake ilikuwa imeandikwa Kenya. Aliona macho yangu yamesimama hapo. Akainama kama anayenionyesha menyu, akasema taratibu, "Karibu nyumbani, dada." Kumbe ni kijana wa Bungoma. Nilipomwambia Mama ni wa Kakamega, akaniuliza kwa Kiluhya habari za huko, nikamjibu yale machache ninayoyajua. Kuanzia usiku ule ikawa kila tukikaa analeta mkate wangu ukiwa moto, na pilipili ndogo kwenye kisahani, bila kuulizwa.

Usiku wa pili bahari ilichafuka. Bahari ya Kaskazini haina mzaha. Meli kubwa hizi zina mapezi chini ya maji ya kupunguza kuyumba, lakini bado ulisikia sakafu ikipanda na kushuka, na glasi zikianza kuimba kwa kugongana. Abiria wengi walibaki vyumbani. Sisi tulikwenda. Tukiwa tumekaa, yule kijana akaja na jagi la maji. Akaondoa sahani zetu, akachovya vidole, akanyunyiza maji juu ya kitambaa cha meza, kisha akayatandaza kwa kiganja, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, kama mtu anayelainisha udongo wa ukuta. Halafu akazirudisha sahani juu ya ule unyevu. Meli ikalala upande mmoja. Sahani hazikusogea.

Baba, nilishindwa kumeza.

Maana kiganja kile nakijua. Kila Jumapili ulinyunyiza maji kwenye kitambaa chetu kabla ya kupanga sahani, ukayatandaza vivyo hivyo, na Mama akikulalamikia kwamba unaharibu meza kwa unyevu. Sisi watoto tuliamini ni desturi ya usafi, au kwamba ni ya kupoza meza. Hakuna aliyekuuliza. Nyumba yetu haikuyumba, mawimbi yalikuwa mbali, na wewe ulikuwa umeshatoka melini miaka mingi, tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa na Victoria, meli yako, ikaenda Tanzania. Mikono yako ilikuwa bado inaandaa meza ya melini. Nilimweleza yule kijana hivyo. Akasimama kimya na jagi lake, akaniuliza mzee bado yupo. Nikasema yupo. Akasema, "Mpe salamu za mezani." Nami ninakufikishia.

Siku ya tatu walitangaza kwamba abiria wanaotaka wanaweza kutembezwa jikoni. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Jiko lote ni chuma cheupe kinachong'aa, na hakuna moto wa kuonekana, kila kitu ni umeme. Pembeni mwa majiko kuna vyuma vya kuzuia sufuria zisiteleze. Nikaona mchuzi umefika nusu tu ya sufuria kubwa, nikakumbuka neno lako: sufuria ya melini haijazwi. Waokaji hufanya kazi usiku kucha ili mkate wa asubuhi uwe wa siku hiyo. Nyama ina sehemu yake, samaki sehemu yake, mboga sehemu yake, na mbao za kukatia zina rangi tofauti ili damu ya kuku isikutane na saladi. Maji ya kupikia hutengenezwa humo humo melini kwa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Ninyi mlikuwa na ziwa zima la maji baridi chini yenu. Nijibu hili: mlipika kwa moto wa aina gani? Na samaki mliwapata gatini Mwanza au mlitoka nao Kisumu?

Kitu kimoja nilikifurahia kama muuguzi. Mlangoni mwa ukumbi wa bafe kuna masinki, na mhudumu anasimama hapo kuhakikisha kila mtu ananawa kwa sabuni na maji ya moto. Kuna kirusi cha kuharisha na kutapika kiitwacho norovirusi, kinapenda sana mahali watu wengi wanapokula pamoja, na ile dawa ya kupaka mikononi haikiui vizuri. Sabuni na maji ndiyo dawa. Nilipoona wazee wa Kizungu wamepanga mstari kunawa kabla ya kula nilikumbuka jagi na beseni letu, mtoto wa mwisho akimmiminia kila mgeni maji mikononi. Mwambie huyo anayesoma kwamba hiyo kazi anayoilalamikia ni kinga kubwa.

Chakula chenyewe nitakueleza kwa kifupi, kwa sababu kilikuwa kingi mno. Supu ya uyoga ilikuwa nzuri sana. Mwanakondoo alikuwa laini. Kuna usiku wa mavazi rasmi, wanaume wanavaa tai ndogo nyeusi. Mimi nilivaa lile gauni la kitenge alilonishonea Mama, na watu watatu walinisimamisha kuniuliza nililipata wapi. Alasiri kuna chai na skoni, jamu na malai.

Samaki ndiye aliyenipa mawazo. Walituletea samoni, kipande cha waridi kisicho na mfupa wala ngozi, kizuri kweli. Ila hakuwa na kichwa! Niliangalia ile sahani pana nikawaza kichwa kimekwenda kwa nani. Nyumbani kichwa cha ngege, samaki wetu wa ziwani, ni chako, na wewe humpa macho mtoto aliyefanya vyema shuleni. Siku iliyofuata tulipita kwenye hori za bahari, milima imesimama pande zote mbili na maporomoko yanateremka kutoka juu, na mahali panapoitwa Geiranger pamewekwa kwenye urithi wa dunia tangu 2005. Pazuri kiasi kwamba watu walisimama sitahani bila kusema. Lakini jicho langu lilivutwa na duara kubwa za wavu zilizoelea majini tukiwa njiani. Samoni wanafugwa humo. Ni vizimba kama vile vya ngege vinavyoongezeka sasa ziwani kwetu, ila vikubwa zaidi. Usiku ule saa tano kulikuwa bado na mwanga wa kusomea gazeti. Wewe unayezoea jua kuzama kabla ya saa moja, ungekataa kulala.

Yule kijana wa Bungoma nilimuuliza habari za kazi, alipopata nafasi. Mkataba wake ni wa miezi minane, na ndani ya hiyo miezi hakuna siku nzima ya mapumziko. Anahudumu asubuhi, mchana na usiku. Sheria ya kimataifa ya mabaharia inamtaka apate angalau saa kumi za kupumzika katika kila saa 24, na alisema kwao inafuatwa, lakini saa hizo hugawanywa, kwa hiyo usingizi huja vipandevipande. Analala chumba kimoja na mwenzake, chini, pasipo na dirisha. Anajenga nyumba ya mama yake. Usiku wa tano bwana mmoja wa meza jirani alimfokea mbele ya watu kwa sababu nyama haikuiva alivyotaka. Kijana akasema samahani, akachukua sahani, akarudi na nyingine, mkono umetulia. Nilimwona alipogeuka nyuma ya nguzo: alivuta pumzi moja ndefu, akarekebisha koti, akatoka tena na tabasamu.

Hapo ndipo nilipofikiria miaka yako mitano ndani ya Victoria, Kisumu, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Umetusimulia nyota za ziwani na vicheko vya jikoni. Hujawahi kutusimulia waliokufokea. Sijui kama unataka kuulizwa. Kama unataka, nitakuja na kiti nikae karibu.

Usiku wa mwisho nilimpa bahasha yake na barua kwa mkubwa wake wa kazi, nimetaja jina lake kamili na kile kitambaa cha maji. Mwenzangu alitia sahihi pia.

Nimepata likizo ya Desemba. Lakini kwanza kuna jambo la macho yako. Mtoto wa jicho si wa kungojea, upasuaji wake ni mfupi na watu wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nimetuma pesa kwa Mama, mwende hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, mwezi ujao, mkianza na jicho la kulia. Usiseme gharama, nimeshapiga hesabu. Nikija tutapanda basi hadi Mwanza, mimi nitashughulikia hati za kuvuka mpaka. Nimesoma kwamba Victoria yako ilikarabatiwa, na mwaka 2020 ikaanza tena kubeba abiria kwenda Bukoba. Nataka ukae kama abiria. Mimi nitakuwa upande wako wa kushoto, na nitabeba kitambaa.

Msalimie Mama, dada zangu, na yule jirani anayeniulizia kila wiki.

Ni mimi binti yako wa tatu.

N.B. Mama akumbuke usisugue jicho baada ya upasuaji, na matone yatiwe kwa saa alizoandika daktari.