Krismasi Njema kwa Kila Anayeipenda Nchi Yake

Ndugu na marafiki, Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Nawaombea afya, riziki na utulivu wa moyo. Mliofiwa mwaka huu, Mungu awafariji.

Salamu zangu zina jambo linalonikaa moyoni. Tunaufunga mwaka huku mapenzi ya nchi yakipimwa kwa ukali wa ulimi: anayewatukana wageni na majirani kwa sauti kubwa ndiye anayeitwa mzalendo. Mimi nasema huo ni utaifa, umejifunika kanzu ya uzalendo. Na Krismasi yenyewe ina kisa chake.

Desemba 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefikisha mwezi wa tano. Vijana wengi walikuwa wameondoka makwao wakiamini kwamba kufikia Krismasi vitakuwa vimekwisha. Usiku wa mkesha, katika baadhi ya sehemu za Flanders, huko Ubelgiji, na kaskazini mwa Ufaransa, Wajerumani walipanga miti midogo yenye mishumaa kwenye kingo za mahandaki yao, wakaanza kuimba. Waingereza wakajibu kwa nyimbo zao. Kulipokucha wakatoka mikono mitupu, wakakutana katikati, wakapeana tumbaku na vifungo vya makoti, wakazika maiti zilizokuwa zimelala pale bila wa kuzisitiri. Mahali pamoja Zaburi ya 23 ilisomwa kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, waliokufa wa pande zote mbili wakiwa wamelazwa mbele yao. Kwingineko, ni kweli, risasi hazikunyamaza hata siku ile.

Sioni msaliti hata mmoja kati ya watu wale. Kila mmoja aliimba kwa lugha ya mama yake na kuwakumbuka watu wa kwao. Walichokiweka kando kwa saa chache ni ile imani kwamba nchi yangu haiwezi kung'aa mpaka ya mwenzangu ipakwe matope. Makamanda wakaja juu, wakatoa amri kali yasijirudie. Vita vikaendelea hadi Novemba 1918.

Namkumbuka pia Edith Cavell, muuguzi Mwingereza aliyefanya kazi Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, chini ya utawala wa kijeshi wa Wajerumani. Aliwauguza majeruhi bila kuuliza wanatoka jeshi gani, na akawasaidia askari wa upande wa nchi yake kutoroka. Kwa kosa hilo alipigwa risasi tarehe 12 Oktoba 1915. Usiku wa mwisho alimwambia kasisi kwamba uzalendo hautoshi, na kwamba hapaswi kuwa na chuki wala kinyongo kwa mtu yeyote. Mwanamke huyo alikuwa anakufa kwa ajili ya nchi yake! Nani atamfundisha uzalendo?

Mzalendo anaipenda nchi yake kiasi cha kuionea aibu inapodhulumu. Analipa kodi, hali rushwa, anamwambia mtawala wake ukweli. Mwenye utaifa hataki kusikia kosa la kwao. Akionyeshwa, anatafuta adui wa kumtwisha. Adui huyo akikosekana nje, atatafutwa ndani: kabila dogo, dini ya wachache, mhamiaji. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu aliyeanza kwa kuwachukia wageni huishia kuwachukia raia wenzake.

Basi salamu hizi ziwafikie kwanza mnaosherehekea mkiwa katika nchi za watu, na mliowafungulia mlango. Ziwafikie wauguzi walio zamu usiku wa mkesha, walinzi wa mipakani pande zote mbili, na wote wanaozisemea kweli nchi zao na kuitwa wasaliti. Nawapenda, nawaombea. Krismasi njema, na mwaka ujao utukute salama.