Kabla ya jina la CEO mpya wa Simba, tuambieni kwanza atakuwa na rungu gani

Mhariri salaam, hii Julai 2024 naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana huku mtaani tangu itangazwe Imani Kajula, mtendaji mkuu (CEO) wetu, anaondoka Simba hakuna stori nyingine, kila kijiwe kina CEO wake, huyu anataka mzungu, yule anataka Msauzi, mwingine anasema arudishwe Barbara, CEO wa zamani, hata kesho asubuhi. Mimi ni mwanachama wa Simba, nalipia kadi yangu, na hayo majina wala hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba sijasikia mtu hata mmoja, kijiweni au redioni, akiuliza huyo anayekuja anakuja kufanya kazi ipi, na akitoa amri ni nani anaweza kuitengua.

Tuangalie tulipo kwanza maana kuna watu wanajifanya hawaoni. Msimu wa 2023/24 tumemaliza wa tatu, tumefungana pointi 69 na Azam wao wakatupita kwa magoli, kwahiyo Ligi ya Mabingwa tunaitazama kwenye tv na sisi tunaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga kachukua ubingwa mara tatu mfululizo, na ndani ya msimu huo huo katupiga 5-1 mwezi wa 11 halafu akarudi mwezi wa 4 akatupiga 2-1. Juni hii ya 2024 wajumbe wa bodi wakaanza kuachia ngazi, mwenyekiti wa bodi Salim Abdallah 'Try Again' naye akakaa pembeni, mwekezaji wetu Mo Dewji akarudi mwenyewe kwenye kiti. Tarehe 1 Julai tukaamka tunamuona kiungo wetu Clatous Chama kavaa jezi ya kijani na njano ya Yanga. Sasa klabu iko hivyo halafu bado tunajadili CEO kama tunajadili straika, ooh ana si-vii nzuri, ooh anajua kiingereza.

Hebu tuhesabu. Tangu tuingie huu mfumo wa kampuni alianza Magori 2018, akaja Senzo Mazingisa kutoka Afrika Kusini 2019, mwaka haujaisha vizuri Agosti 2020 kaondoka na jua halijazama tayari yuko na watani zetu Yanga, akaja Barbara Gonzalez mpaka akajiuzulu Desemba 2022, kisha Kajula Januari 2023. Anayekuja ni wa tano ndani ya miaka sita. Na makocha ndo usiseme, toka Oktoba 2021 alipoondoka Gomes ameshapita Pablo, Zoran, Mgunda, Robertinho, Benchikha, Mgunda tena, na sasa huyu Fadlu Davids. Mnaweza kuniambia hao wote walikuwa wabovu? Wote kabisa? Magori, Senzo na Barbara wamefanya kazi kwenye kipindi ambacho tulibeba ubingwa, na Barbara alikuwepo mwaka ule wa 2021 tumemfunga Al Ahly hapa kwa Mkapa goli la Luis Miquissone na tukaongoza kundi, kwahiyo watu wenye uwezo tumeshawahi kuwa nao na wakaondoka vilevile.

Halafu angalieni hii. Kocha mpya keshatambulishwa. Wachezaji wapya wanatangazwa kila jioni, Mutale, Mukwala, Ahoua, Debora, timu nzima iko zake Ismailia Misri inajifua, na CEO mpya hatujamjua ni nani! Yaani bosi wa shughuli za kila siku atakuja akute kocha keshachaguliwa, mikataba ishasainiwa, mishahara ishapangwa, yeye kazi yake itakuwa kulipa. Mambo yakienda kombo Desemba tutamzomea nani? Tutamzomea yeye. Simkatai Fadlu wala hao vijana, huyo Ahoua nasikia ndo alikuwa mchezaji bora wa ligi ya kwao Ivory Coast na mimi nina hamu naye sana, ila utaratibu umekaa kichwa chini miguu juu.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la mikataba maana hapa ndipo ninapoona CEO anakula mshahara wake kihalali au la. Mashabiki wengi tunaamini kazi ya CEO ni kusimama mbele ya makamera na kutangaza mdhamini. Sawa, hiyo ipo. Lakini mchezaji wa mpira ndo mali pekee ya maana tuliyonayo, uwanja wa mechi hatuna, na thamani ya mchezaji iko kwenye muda uliobaki kwenye mkataba wake. Akibakiza miaka miwili anayemtaka lazima aje mezani, akibakiza mwaka bei inashuka, akibakiza miezi sita kwa sheria za FIFA anaruhusiwa kuongea na klabu nyingine na kusaini mkataba wa awali, na wewe mwenye mali unabaki unachungulia tu. Mwaka 2021 tulimuuza Luis kwa Al Ahly na Chama kwa Berkane ya Morocco, iliuma lakini hela iliingia. Mwaka 2024 Chama huyuhuyu kamaliza mkataba katoka bure, na hakwenda Morocco, kavuka barabara tu. Inawezekana alishaamua siku nyingi na hata mngempa nyumba asingebaki, sawa, ila swali langu ni la kiofisi, ile miezi 12 kabla mkataba haujaisha nani alikuwa na jukumu la kusema tumuongeze au tumuuze, na alisema nini, na nani alimjibu? Kama jibu ni CEO basi tumuulize CEO. Kama jibu ni kamati ya usajili au bodi basi CEO tunamuonea bure, na huyu wa tano naye tutamuonea vilevile.

Hicho ndo ninachokipigia kelele. Klabu yetu muundo wake unajulikana, wanachama tuna asilimia 51, mwekezaji 49 kwa ile bilioni 20, mkutano mkuu ulishapitisha mabadiliko toka 2017 na mpaka leo mchakato haujafika mwisho. Tuna mwenyekiti wa bodi upande wa mwekezaji, tuna Mangungu mwenyekiti wa upande wa wanachama, kuna wajumbe wa huku na wajumbe wa kule, halafu katikati hapo ndo tunamuweka CEO. Ukimuweka mtu hapo bila kumpa mipaka iliyoandikwa anakuwa kama dereva wa daladala aliyekalishwa kwenye usukani halafu gia anaingiza konda na breki anakanyaga mwenye gari. Sisemi fulani anaingilia, sina ushahidi na sitaki kesi, nasema karatasi yenyewe hatujaiona. Mwenyekiti yeyote awe wa 51 au wa 49 akimpigia simu CEO saa nne usiku kwamba mchezaji fulani asajiliwe, je CEO ana kifungu cha kumwambia mzee hapana, lipite kwanza kwa kocha na watu wa skauti? Kama hana kifungu hata mumlete mtu kutoka Real Madrid atasajili tu.

Watani hapa wametupita na nawaombeni tusikasirike. Baada ya mfadhili wao Manji kuondoka 2017 Yanga ilikuwa hoi, mashabiki wakawa wanachangishana, ile bakuli tuliicheka mpaka mbavu zinauma. Leo wana rais aliyechaguliwa 2022, injinia Hersi, na mtendaji wao Andre Mtine aliwahi kufanya kazi TP Mazembe ya Kongo, sehemu ambayo mpira wa Afrika unafahamika kuanzia ofisini. Wana mambo yao ya ndani siyajui na sitaki kuyajua, ila kwa nje unaona nani anasema na jambo likasimama. Kwetu ukiuliza nani kaamua Robertinho aondoke au nani alikwenda kumtafuta Benchikha unapata majibu matatu tofauti kutoka kwa watu watatu wa Simba. Benchikha mwenyewe alikaa miezi mitano, akachukua kombe la Muungano kule Zanzibar na siku hazikupita akaaga kwa sababu za kifamilia, na sisi tukamrudisha Mgunda kuzima moto kama kawaida yetu. Huyu Mgunda jamani tutakuja kumjengea sanamu.

Kuhusu mzawa au mgeni mimi sina upande. Magori mzawa, Senzo mgeni, Kajula mzawa, na kila mmoja ana alichofanya. Mgeni faida yake hana shemeji kwenye tawi, hasara yake anatumia miezi sita kujua nani ni nani Kariakoo. Nachokataa ni kutafuta mtu wa kelele. Kuna haka kaugonjwa ka kutaka CEO ambaye kila siku yuko instagramu anajibishana na msemaji wa Yanga, hiyo kazi tuna msemaji wetu Ahmed Ally anaifanya na anaiweza, mwacheni, CEO tukimsikia mara moja kwa mwezi inatosha kabisa.

Wenzetu Manchester United, ambao huku nusu ya Simba ni mashabiki wao kwahiyo tunateseka mara mbili, wamemaliza wa nane msimu huu wa 2023/24. Tajiri Ratcliffe alipoingia na hisa zake hakukimbilia kununua mchezaji, alikwenda kumchukua Omar Berrada kutoka Manchester City awe CEO, halafu akatafutwa mkurugenzi wa michezo, ndo wakaanza kuongea habari za wachezaji. Itafanya kazi? Sijui na wala siwaamini sana, ila angalau walianza na ofisi.

Sasa huyo wetu akija na rungu lake limeandikwa, kazi zipo za kutosha. Udhamini wa M-Bet wa bilioni 26 na ushee kwa miaka 5 ulisainiwa 2022, maana yake kwenye kipindi chake utaisha, na ukiisha tuko nafasi ya tatu nani atakaa mezani na sisi kwa bei ile? Hela ya Azam TV ipo kwenye ligi lakini hiyo tunagawana na wenzetu wote, haitutofautishi na mtu. Bunju tuna uwanja wa mazoezi, mechi tunakodi, leo kwa Mkapa, kesho Chamazi, keshokutwa Morogoro, mimi wa Morogoro nafurahi mkija ila kibiashara ni hasara. Na kadi za wanachama, timu ya mamilioni ya mashabiki waliolipia kadi ni wangapi? Mtu anayejua kukusanya buku buku kutoka kwenye simu za watu kila mwezi bila kuwachosha mimi namtaka huyo kuliko mtu mwenye picha na Infantino wa FIFA.

Kwahiyo mhariri ninachoomba kwa viongozi wetu ni kidogo na hakina gharama. Siku mnamtambulisha, pamoja na lile shati jekundu na yale maua, toeni na karatasi moja ya majukumu yake: usajili anaingia wapi, kocha nani anamuajiri na nani anamfukuza, anaripoti kwa mwenyekiti yupi kati ya hao wawili, mkataba wake ni wa miaka mingapi maana huu mtindo wa mtu kukaa mwaka na ushee hajengi kitu. Mshahara wake siutaki, huo ni wa kwake. Na kwenye mkutano mkuu ujao asimame mwenyewe atusomee mikataba ya wachezaji ipi inaisha Juni 2025 na mpango ni upi kwa kila mmoja, kama kuna siri ya kibiashara basi atuambie ni wangapi tu, bila majina. Mkutano huo nauli nitajilipia mwenyewe kutoka Moro na nitakaa viti vya mbele, na swali langu la kwanza litakuwa hilo.

Mwanachama wa Simba,
Kihonda, Morogoro,
Julai 2024