MLISEMA KWA VITENDO, MBONA TUMEANGALIA SLAIDI?

Habari zenu huduma kwa wateja,

Naandika kuhusu yale mafunzo ya siku 5 ya kuunga fremu za mbao na kutambua aina za mbao, mliyotangaza kwa herufi kubwa kabisa kuwa ni KWA VITENDO. Ada nililipa yote kabla, risiti nimeambatanisha. Sasa hivyo vitendo vilikuwa wapi, maana siku 2 za kwanza tumekaa kwenye viti na projekta, siku ya 3 tunaingia karakana tunakuta matundu yote yameshatobolewa na mashine, ndimi, yaani zile ncha za mbao zinazoingia kwenye matundu, zimeshachongwa, kazi yetu ni kuchomeka na kugonga tu. Patasi 4 kwa watu 14, tena butu, nikauliza jiwe la kunolea naambiwa liko stoo na mwenye funguo katoka.

Kilichoniuma zaidi ni vigingi, vile vijiti vya mbao vinavyopita kwenye nguzo na ulimi kuvifunga pamoja. Fremu ya namna hii haina msumari, na ujanja wote uko hapo: tundu la kwenye ulimi unalitoboa lipishane kidogo na la kwenye nguzo, kama milimita 2 au 3 kuelekea pale ulimi unapoanzia, ili kigingi kikiingia kiuvute ulimi ndani na kiungo kikaze chenyewe. Hilo ndo lililonileta, nilifanye kwa mikono yangu. Nyinyi mmetoboa matundu yakalingana, kigingi kikapita kama mguu kwenye ndala, na nilipoegemea nguzo fremu nzima ikacheza. Na vigingi vyenyewe vile vya duara vya kiwandani, nyuzi za mbao zimekatika kiupande, viwili vikavunjika hapo hapo. Kigingi kinapasuliwa kwa kufuata nyuzi jamani.

Kutambua mbao nako ni kichekesho. Sampuli 12, zote zimepigwa vanishi mpaka kichwani pale ubao ulipokatwa, na hapo ndo pa kuangalia! Unakata safi kwa wembe, unalowesha kidogo, unaweka lenzi ya kukuza mara 10 unaona vitundu vimejipanga kwenye pete kama mialoni mingi au vimesambaa kote kama mahogani. Mwalimu wenu anasema tuangalie rangi. Rangi si inabadilika na jua, na si inapakwa? Nikatoa kisu changu nikakwangua sampuli iliyoandikwa mahogani, na mahogani vitundu vyake unaviona kwa macho tu bila lenzi, hii haina, ina pete na inanukia utomvu, yaani ni paini limepakwa rangi. Nikamwonyesha, akasema "tutaangalia baadae".

Yule kijana aliyetufundisha kunoa randa simlalamikii, nusu saa yake ilinifaa kuliko wiki nzima.

Nimeshatuma meseji 3, majibu ni yale ya kompyuta ya "maoni yako ni muhimu kwetu". Vocha ya kozi nyingine sitaki. Mnirudishie ada ya siku 4, au mniite siku 2 nipewe boriti ambayo haijaguswa, patasi kali, na mbao zisizopakwa kitu. Nasubiri jibu la mtu ndani ya siku 14, na lile paini mlitoe kwenye boksi la mahogani kabla kundi lingine halijafika.